Radi Kavu na Wimbo wa Maji

Benchi letu ni ubao uliolazwa juu ya maboksi mawili ya spika zilizokufa, mbele ya kibanda cha Fundi Ampu, pale barabara inapokata kona. Ukikaa kushoto unachomwa na msumari, ukikaa kulia unachomwa na jua, kwa hiyo kila mtu anagombania katikati. Kahawa inachemkia humo humo kibandani, kwenye jiko la koili lililo karibu mno na chuma cha kulehemu, na ina ladha ya waya ulioungua. Tumeizoea hadi tukinywa ya kwingine tunaona imepungukiwa kitu. Hapa hatuzungumzi mpira. Mpira una benchi lake ng'ambo ya barabara, na watu wake tunasalimiana nao kwa mbali. Sisi ni watu wa roki, wachache, tumezeeka pamoja na fulana zetu nyeusi ambazo sasa zimekuwa za kijivu, na bendi yetu ni moja tu: Radi Kavu. Mimi wananiita Rangi kwa sababu nachora mabango. Jina la bendi lililo kwenye ile dramu kubwa nimelichora mimi, kwa mkono huu huu, kwa hiyo nikisema "bendi yetu" naomba nisibishiwe.

Kuna utaratibu mmoja hatujawahi kuuvunja. Wimbo mpya wa Radi Kavu, kabla haujaenda popote, unapita hapa. Besi, ambaye ndiye mpiga gitaa la besi wa bendi na mwenzetu wa benchi kila anapotoka kazini, anauleta. Fundi anauingiza kwenye lile lispika lake kubwa. Hakuna ruhusa ya kusema, kunywa wala kukohoa mpaka noti ya mwisho ife yenyewe. Ndipo tunatoa hukumu. Na kwa kuwa Radi Kavu walikuwa hawajatoa wimbo tangu watoto wetu walipokuwa wanabebwa mgongoni, alasiri ile Besi alipotokea na simu yake mkononi tulijiona kama watu walioalikwa harusini.

Tuliusikiliza mara tatu. Boksi chini ya makalio yangu lilitetemeka kama lina uhai. Sista, ambaye ni nesi wa hospitali ya hapo juu na ndiye mwanamke pekee wa benchi hili, alilia kwenye solo, lakini yeye hulia kwenye solo zote. Noti ya mwisho ilipokufa, Besi akainua mkono.

Besi: Kabla hamjasema lolote, jamani. Huu wimbo ni wa siasa.

Fundi (bado kafumba macho): Ati nini?

Besi: Siasa. Unahusu ofisi ya maji.

Shemeji: Ofisi ya maji ipi?

Besi: Kwani kuna nyingine?

Shemeji: Si ndiyo unayofanyia kazi wewe?

Besi: Ndiyo hiyo hiyo.

Alikuwa amevaa ovaroli la kazini, la bluu, lina nembo ya tone la maji kifuani. Besi ni fundi bomba wa ofisi hiyo tangu ana nywele. Akatueleza mambo yalivyo, na nitayasema hapa kwa ufupi maana yeye alipomaliza kahawa ilikuwa imepoa. Wenzake watatu wa bendi wamejiajiri: mwimbaji anafuga kuku, mpiga solo anaendesha teksi, mpiga dramu ana duka la vipodozi la mkewe. Wote wamesema uamuzi ni wa Besi peke yake, kwa kuwa ndiye mwenye bosi. Mtangazaji wa kipindi cha alasiri anao wimbo tayari na anasubiri simu. Besi akisema ndiyo, unapigwa leo baada ya taarifa ya habari. Akisema hapana, mtangazaji atapiga "Kiatu Kimoja", ule wimbo wao wa zamani ambao hata mbwa wa mtaa huu anaujua.

Besi: Nikiuachia, kazi ndiyo basi tena. Nikiuzuia, mwimbaji amesema hapandi jukwaani kuimba habari za kiatu mpaka anakufa. Bendi ndiyo imeisha. Sasa ninyi ndio mashabiki. Niambieni, bendi ya wazee inafaa kuimba siasa au haifai?

Hapo ndipo tulipokosea, naona sasa. Mtu alituuliza habari ya maisha yake, sisi tukasikia swali la jumla. Na benchi letu likipewa swali la jumla, hata mvua hailiondoi.

Shemeji ndiye aliyeanza. Anaitwa Shemeji na mtaa mzima kwa sababu ameoa dada yake Fundi, na ni karani mahakamani, jambo ambalo linamfanya aongee kama vile kuna mtu anaandika.

Shemeji: Mimi siafiki. Bendi ya vijana ikiimba siasa, sawa, damu inachemka. Bendi ya wazee ikiimba siasa, watu wanajiuliza, hawa miaka yote walikuwa wapi?

Sista: Walikuwa wanaimba kiatu.

Shemeji: Basi! Waendelee na kiatu. Kiatu hakina mwenyewe.

Sista: Kina mwenyewe, ndio maana wimbo wote anakitafuta.

Fundi: Jamani, ninyi mnaongelea maneno. Nani alikuja kwenye roki kwa ajili ya maneno? Mimi nikimsikia yule jamaa wa solo anavuta ule waya wa tatu, iiiiii, nishaelewa kila kitu. Hiyo ndiyo siasa. Noti moja ikipigwa kwa hasira, wakubwa wanaelewa bila kuambiwa.

Mimi: Wanaelewa nini?

Fundi: Kwamba kuna mtu kakasirika.

Mimi: Kakasirikia nini?

Fundi: Rangi, ukianza kuuliza maswali kama hayo muziki unaisha.

Nilikuwa nauliza kweli, si kwamba namchokoza. Jambo hili linanishughulisha. Tunataka nini hasa kwa wanamuziki waliozeeka nasi? Nikijichunguza mimi mwenyewe, naona nataka wabaki vilevile walivyokuwa, ili nikiwaona nami niwe na kiuno changu cha ujana. Lakini hapo hapo nikiwaona wamebaki vilevile nawaonea huruma. Nikawaambia hivyo, na Sista akanipiga begani.

Sista: Hiyo ni presha. Nenda kapime.

Mimi: Naongea mambo ya maana, Sista.

Sista: Hata mimi. Nitawaambia kitu ninachokiona wodini kila siku. Mgonjwa anayelalamika, chakula kibaya, shuka chafu, nesi una roho mbaya, huyo anarudi kwao kwa miguu yake. Yule anayesema "asante mwanangu, chochote tu, msijisumbue", huyo natafuta namba ya ndugu zake. Kwa hiyo bendi ya wazee ikianza kulalamika, mimi nafurahi. Wamepona!

Fundi: Kwa hiyo siasa ni dawa.

Sista: Kwa mtu mzima, ndiyo. Mapenzi ndiyo hatari. Mzee wa umri ule akiimba "usiniache" kila wikiendi, moyo unasikia, unaamini.

Shemeji: Hakuna daktari atakayekubali hayo.

Sista: Madaktari wanapita asubuhi mara moja. Mimi nakaa nao usiku kucha.

Shemeji akasogeza kikombe chake, ishara kwamba sasa anakuja na jambo zito.

Shemeji: Ngojeni niwaambie msichokijua. Nyimbo hizi za siasa za bendi kongwe, mara nyingi zinatakiwa na wakubwa wenyewe.

Besi: Sisi hakuna mtu aliyetutaka.

Shemeji: Hamuwezi kujua! Hiyo ndiyo kazi yake ilivyo nzuri. Angalieni. Kijana anamsikia babu yake anaimba siasa. Anasema nini? Anasema aa, kumbe siasa ni mambo ya wazee, kama dawa ya mgongo. Anaachana nayo. Mkubwa analala usingizi. Umeona?

Fundi: Hapana.

Shemeji: Na haiishii hapo. Uchaguzi ukija, huyo huyo aliyeimbwa atauchukua wimbo, atapanda nao jukwaani, ataucheza. Mtamwona na kofia yake, anarusha mabega! Watu watampigia makofi kwa unyenyekevu wake. Besi, utakuwa umemtungia wimbo wa kampeni bure.

Sista: Kurusha mabega kwenye roki? Atateguka.

Fundi: Akiteguka atakuja kwako wodini, atalalamika, atapona.

Tulicheka sana hapo, hata Besi akatabasamu kidogo, lakini simu yake ilikuwa juu ya goti na kila baada ya muda aliigusa aone saa. Fundi akamimina kahawa raundi nyingine. Naye hakuwa amemaliza, maana Fundi akishikwa na wazo huwa analipandisha kama mtu anayepandisha sauti, taratibu, mpaka kitu kipasuke.

Fundi: Mimi natengeneza spika zinazotoka mikutanoni na zinazotoka kwenye roki. Mnadhani zipi zinaharibika zaidi?

Mimi: Za roki.

Fundi: Za mikutano! Roki inapiga juu, inapiga chini, spika inanyoosha viungo. Hotuba inapiga sehemu moja tu, pale pale, pale pale, saa nzima. Ile karatasi ya ndani inachoka upande mmoja. Na nitawaambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Spika iliyopigiwa hotuba muda mrefu, hata ukiiwekea gitaa, inaitoa kama vile inakuahidi kitu.

Shemeji: Inakuahidi?

Fundi: Sikiliza mwenyewe siku moja. Kwa hiyo mimi nasema siasa isiingie kwenye roki kwa sababu ya vifaa. Tutaishiwa vifaa.

Shemeji: Shemeji yangu, umekunywa kahawa au ile dawa ya kusafishia sakiti?

Tungeendelea hivyo mpaka jua lizame, maana nami nilikuwa nimeandaa nadharia yangu kuhusu rangi nyeusi. Sista ndiye aliyetukatisha. Alikuwa amemgeukia Besi.

Sista: Hebu, ubeti wa pili unasemaje?

Besi: Umeusikia mara tatu.

Sista: Nimesikia. Unasemaje?

Besi alitutazama mmoja mmoja, nasi tukatazamana. Shemeji akasema alisikia neno "kila". Fundi akaimba solo yote kwa pua, mwanzo mpaka mwisho, bila kukosea hata noti, kisha akanyamaza kwa sababu humo ndani hakukuwa na neno. Mimi nilijua dramu zinaingia wapi. Nilijua pale Besi anaposhuka ghafla, ambapo tumbo linashuka naye. Maneno, sikuwa nayo. Ndipo nilipokumbuka jinsi Fundi alivyolipanga lile lispika, besi juu, gitaa juu, sauti ya mwimbaji imezamishwa huko chini ili isisumbue. Tumekuwa tukisikiliza hivyo miaka yote, na kwa mpango huo huo tumekuwa tukitoa hukumu.

Besi: Mnajua mwimbaji husema nini kila nikirudi kutoka hapa? Huuliza, "Wamesemaje kuhusu maneno?" Nami humdanganya. Humwambia mmeyapenda.

Fundi: Tumeyapenda.

Besi: Yapi?

Besi akaweka kikombe chini, akaegemea mbele, akayasema maneno bila kuimba, taratibu, kama mtu anayeelekeza njia:

Magari yao yanaoga kila asubuhi,
mwanangu ananawa kwa mate ya mama yake.
Tuliuliza kwa adabu, tukajibiwa kwa honi.
Tukasema labda kesho, na kesho ikatusikia,
ikapita upande wa pili wa barabara.

Kiitikio kilikuwa kifupi, "Fungueni, tupo," kikirudiwa. Akasema ubeti wa pili ni wa mama aliyepanda ngazi za hospitali na ndoo kichwani ili mkwe wake aoshwe baada ya kujifungua. Sista akasimama. Akaenda mpaka ukingo wa barabara, akarudi, akakaa. Safari hii hakulia.

Sista: Ni wodi yangu hiyo. Nani alikuambia?

Besi: Ni mke wangu aliyebeba ndoo, Sista. Ulikuwa zamu nyingine.

Niliupenda wimbo ule kuliko wowote waliowahi kutoa, nikatamani mji mzima uusikie saa ile ile. Na hapo hapo nikamwona Besi na ovaroli lake, nikatamani usisikike kabisa. Nafikiri wote tulikuwa hivyo, kwa sababu mazungumzo yalibadilika. Zile nadharia ziliisha. Kila mtu akaanza kuongea kwa sauti ya chini, kama watu walio chumba cha mgonjwa.

Shemeji: Si mngebadilisha kidogo? Badala ya "magari yao", mseme "magari fulani".

Besi: Fulani ya nani?

Shemeji: Ndiyo uzuri wake, hajulikani.

Fundi: Au mwimbaji aimbe kama kawaida na mimi nikachanganye sauti. Nitaizamisha. Watakaojua watajua.

Sista: Nani atajua? Sisi wenyewe hatukujua!

Fundi: Namwokoa mwenzetu, Sista. Na mimi pia nipo hapa. Wiki ijayo nafunga spika kwenye sherehe yao ya tangi jipya. Nisijifanye sina langu.

Ikawa zamu yangu ya kutazama chini. Ukuta ulio mkabala na benchi letu una maandishi makubwa ya bluu, MAJI KWA KILA NYUMBA, yenye kivuli cha kijivu kwenye kila herufi ili yaonekane yamesimama. Niliyachora mimi kwa kazi ya ofisi ile ile. Ni kazi nzuri, nasema kama fundi. Nilisugua brashi zangu kwa mafuta ya taa siku ile kwa sababu bombani hakukuwa na kitu, na sikuwaza lolote, niliwaza tu kwamba herufi ya M imetoka vizuri.

Mimi: Bosi wako yukoje? Ni mtu wa kuongea naye?

Besi: Ni shabiki. Tulipiga kwenye harusi yake. Aliomba "Kiatu Kimoja" mara mbili.

Shemeji: Basi huyo ataelewa.

Besi: Akielewa ndiyo mbaya zaidi.

Kwenye kibanda cha Fundi kuna saa ya ukutani isiyo na kioo, na taarifa ya habari ilikuwa inakaribia. Wakati huo ndipo alipofika mama mmoja wa makamo, mshonaji nguo wa mtaa wa nyuma, ana sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi na redio ndogo ameikumbatia kama anayebeba kuku. Redio ilikuwa inapiga kelele kweli kweli, tangazo la sabuni, hadi benchi la mpira ng'ambo wakageuka.

Mama: Habari zenu, baba zangu. Nani fundi hapa? Hii kitu imenishinda! Kitufe cha sauti kimetoka, imebaki juu hivi hivi. Haipungui. Nikiizima naikosa taarifa, nikiiwasha majirani wananitukana.

Fundi: Ilete hapa, mama. Ni kitu kidogo.

Akaiweka juu ya meza ndogo ya kibandani, akachukua bisibisi nyembamba, akaichomeka kwenye kishimo ambapo kitufe kilikuwa. Mama akatutazama tulivyokaa na nyuso zetu.

Mama: Mmefiwa?

Sista: Hapana, mama. Tunamshauri huyu kaka.

Sista akamweleza, kwa kifupi na vizuri, kama manesi wanavyokabidhiana zamu: bendi, wimbo, maji, ofisi, ovaroli, mtangazaji anayesubiri. Mama akasikiliza huku ametega sikio juu ya kelele za redio yake. Akasema yeye muziki ule wa magitaa humuumiza kichwa, tusimchukie. Akasema habari ya maji anaijua. Kisha akauliza, na nina hakika aliuliza kwa sababu tu alitaka kujua.

Mama: Sasa ukipigwa redioni, ninyi mlipo, mtaongeza sauti au mtapunguza?

Shemeji: Yaani?

Mama: Wewe uko kazini kwako. Redio ipo. Wimbo wa huyu umeanza. Mkono wako unaenda wapi?

Shemeji akafungua mdomo. Nilimwona anaiona ofisi yake, ile meza ndefu, makarani wenzake, mlango wa hakimu ulio wazi nusu.

Shemeji: Inategemea. Ofisini kuna watu.

Mama akamgeukia Sista.

Sista: Wodini kuna wagonjwa, mama. Wanahitaji...

Hakumaliza walichohitaji. Fundi alikuwa ameinama juu ya redio, kashughulika sana na kishimo kile. Basi mama akanitazama mimi. Mimi ni mtu wa maneno, wote hapa watakuambia. Nilitaka kusema nitaongeza. Lakini kabla sijasema, shingo yangu ilishageuka, nikatazama barabara huku na huku kuona nani anakuja. Nilijishtukia tayari nimegeuka. Besi aliniona.

Alicheka, kicheko cha kweli, cha kwanza siku ile. Hakikuwa cha kutukejeli.

Besi: Usijali, Rangi. Hata mimi sijui. Nikiwa kwenye gari la ofisi, dereva akanigeukia, sijui mkono wangu utaenda wapi. Nimeutunga mimi na sijui.

Sista: Umeutunga wewe? Si mwimbaji?

Besi: Maneno ni yangu. Nyimbo zote. Na hicho kiatu pia.

Miaka yote hiyo! Nilichora jina lao kwenye dramu, nikala kwa Besi, nikacheza na watoto wake, na sikuwahi kuuliza nani anayeandika. Nilitamani kumwomba radhi lakini simu yake ilishaanza kuita. Alikuwa mtangazaji, amechoka kusubiri. Besi akasimama, akajipangusa mikono kwenye ovaroli kama anayetaka kushika chakula.

Besi: Naam, dada yangu. Ndiyo. Hapana, si Kiatu. Huo mpya. Ndiyo, nimeamua, ni mimi mwenyewe. Upige.

Akakata. Akakaa upande wa msumari bila kusikia.

Redio ya mama ilimaliza taarifa ya habari, ikasoma hali ya hewa, halafu sauti ya mtangazaji ikasema kuna bendi ambayo wasikilizaji wa umri fulani wataikumbuka. Kisha ukaanza. Ile redio ni ndogo, spika yake haizidi kiganja, haina besi hata tone. Gitaa lilisikika kama nyuki aliye kwenye kopo. Lakini maneno, jamani, maneno yalitoka yamekamilika, kila moja na mkia wake, yakavuka barabara. Magari yao yanaoga kila asubuhi. Benchi la mpira wakanyamaza. Mtu wa duka la simu akatoka mlangoni. Mwanamke aliyekuwa anapita na madumu matupu kwenye toroli akasimama, akatazama ukuta wangu wa bluu, akatutazama sisi.

Simu ya Besi ikaita tena. Akalitazama jina, akailaza kifudifudi juu ya goti. Ikaendelea kutetemeka pale pale.

Fundi alikuwa bado na bisibisi kwenye kishimo cha sauti. Kuizungusha kidogo tu kungetosha, na redio ingeongea na meza yake peke yake. Sote tulikuwa tunautazama mkono ule. Nilimwona ameutazama na yeye, kama mkono wa mtu mwingine. Fungueni, tupo, redio ikasema. Fundi akaichomoa bisibisi, akaipangusa, akaitia mfukoni.

Fundi: Mama, kitufe cha hii leo sina.

Nyuma yake, kwenye rafu, kulikuwa na bakuli limejaa vitufe, vya kila rangi na kila ukubwa. Mama akaliangalia lile bakuli. Akamwangalia Fundi.

Mama: Haya. Nisogezeeni basi, nikae.